Jinsi ya kuwasimulia wenzako riwaya uliyoipenda: hatua kwa hatua, kutoka kikao chetu cha Lamu

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyemaliza riwaya, akaipenda mno, kisha akakaa mbele ya wenzake asijue aanzie wapi. Nimeuandika kutokana na kikao cha kinamama ninachokiongoza hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tunakutana alasiri, baada ya sala, kiwandani, yaani uani, mwa nyumba yangu. Wengine huja na watoto, wengine na kofia wanazoshona, na kila kikao mmoja wetu huja na riwaya aliyoisoma karibuni. Hupewa robo saa. Akimaliza, tunataka litokee jambo moja tu: angalau mtu mmoja anyooshe mkono kukitaka kitabu kile aende nacho nyumbani.

Hicho ndicho kipimo changu. "Ni nzuri sana, isomeni" haimfanyi mtu anyooshe mkono. Kukisimulia kisa chote toka mwanzo hadi mwisho pia hakusaidii, kwani msikilizaji akishajua yote hana tena haja ya kitabu. Kuna na kizuizi cha tatu, ambacho naona ndicho kikubwa kuliko vyote. Wengi wetu tulikutana na riwaya darasani, kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Kuna waliosoma Siku Njema, kuna waliosoma Utengano, kuna wa Kidagaa Kimemwozea na wa Chozi la Heri. Kila rika lina chake. Tulifundishwa kutaja dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za lugha, tena kwa kuhesabu alama. Hatukufundishwa kusema: hapa nilicheka peke yangu usiku, hapa nilikasirika nikakifunga kitabu. Uchambuzi nauheshimu, na mwalimu anayeujua ni hazina. Lakini kikaoni, mtu akianza na "mwandishi amefaulu kuyawasilisha maudhui ya...", naona nyuso zinarudi darasani na mazungumzo yanakufa hapo hapo.

Hatua ya kwanza: soma ukiwa na vipande vya karatasi

Chana karatasi vipande vyembamba, uviweke ndani ya jalada pamoja na penseli. Nakala zetu huzunguka mikono mingi, kwa hiyo usikunje pembe za kurasa wala usipige mistari ya wino. Kila kitu kinapokugusa, weka kipande: umecheka, moyo umekwenda mbio, umerudi kuisoma sentensi mara ya pili, umemchukia mhusika, umemkumbuka mtu unayemjua. Juu ya kipande andika neno moja au mawili, basi. "Hasira." "Kama mama." "Muongo huyu!" Ukianza kuandika maelezo marefu utaacha kusoma.

Anayesoma kwenye simu aweke daftari dogo pembeni, aandike sura na neno lake. Alama zinazowekwa ndani ya simu watu huzisahau, na siku ya kikao wanahangaika kupekua huku wenzao wanawatazama.

Hatua ya pili: iache ilale

Ukimaliza usikimbilie kuzungumza. Acha siku mbili tatu zipite, kisha uvirudie vipande vyako. Vingine vitakuwa vimepoa, na hivyo uvitoe.

Hatua ya tatu: chagua jambo moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu wanataka kusema yote. Riwaya nzuri ina mambo mengi. Wewe una robo saa, na wenzako wana watoto wanaolia. Chagua jambo moja.

Nitoe mfano wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa 1980. Ndani yake yumo Bwana Maksuudi, mtu wa siasa mwenye heshima mbele za watu, ambaye nyumbani kwake amemfungia ndani mkewe, Bi Tamima, pamoja na binti yao Maimuna. Kwa mtihani tungeandika: nafasi ya mwanamke, unafiki wa viongozi, athari za malezi. Yote ni kweli, lakini hayamtii mtu hamu ya kusoma. Mama mmoja mshonaji alipoileta kwetu, aliyaacha yote hayo akasema: "Mimi kitabu kizima nimekisoma nikimtazama Bi Tamima. Nina binti wa miaka 14 nyumbani. Zile kurasa za mwanzo zimenifanya nijiulize nimemfungia nini na nimemfungulia nini." Aliposema hivyo, wote tukataka kusema. Kuna waliomtetea mzazi, kuna waliomtetea mtoto, na nakala ile ilikuwa imeshatoka mkononi mwake kabla chai haijamiminwa.

Utalipataje jambo lako? Vipange vipande vyako vyote mkekani, uyasome yale maneno. Kwa kawaida utaona yanakwenda upande mmoja. Vipande vinne vimeandikwa "hasira", na vyote vinamhusu mtu yule yule. Basi hilo ndilo jambo lako, hata kama si hilo ambalo watu husema kitabu kile kinahusu.

Kisha andika sentensi moja inayoanza na "Nimeipenda kwa sababu", na uipime hivi: je, sentensi hiyo yaweza kusemwa juu ya riwaya nyingine yoyote? "Nimeipenda kwa sababu inafundisha juu ya maisha" yaweza kusemwa juu ya rafu nzima ya vitabu, kwa hiyo itupe. "Nimeipenda kwa sababu lugha yake ni tamu" nayo itupe, au useme utamu wenyewe uko wapi: ni namna wazee wanavyojibizana, au namna bahari inavyoelezwa, au namna mwandishi anavyowaacha watu wakae kimya.

Chukua Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza na ikatoka 1994, na mwaka 2021 akatunukiwa tuzo ya Nobel ya fasihi. Tafsiri ni ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka baada ya tuzo hiyo. Msomaji anaweza kusema: "Inaonyesha Afrika Mashariki wakati ukoloni unaingia." Ni sahihi, lakini ni sentensi ya kitabu cha historia. Sasa sikiliza hii: "Nimeipenda kwa sababu yule mtoto, Yusuf, ana miaka 12, anasafirishwa na tajiri Aziz, na wazazi wake hawamwambii ukweli. Kuwa amewekwa rehani kwa deni la baba yake, anakuja kuambiwa ugenini, na kijana mwenzake aliyewekwa rehani vile vile." Sentensi hii haiwezi kuvaa riwaya nyingine. Msikilizaji akiisikia tayari ana maswali: huyo kijana ni nani? Baba mtu alifikiri nini? Na maswali hayo ndiyo yatakayompeleka kwenye kitabu.

Kaa na sentensi hii mpaka ikuridhishe. Mimi humwambia anayeleta kitabu kwa mara ya kwanza anipitishie sentensi yake siku moja kabla, na mara nyingi tunairudia pamoja mlangoni.

Hatua ya nne: kisa kwa sentensi tatu

Wasioisoma wanahitaji kujua wako wapi. Wape mambo haya: ni nani, ni wapi, na ni kitu gani kimemtoa mahali pake. Kwa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ningesema: "Kijana anaitwa Kongowea Mswahili, amekulia Tanga. Mamake, mwimbaji wa taarabu, amefariki, na babake hamjui. Anafunga safari kuja Kenya kumtafuta." Imetosha. Usiwataje wajomba, majirani na marafiki. Majina matano kwa mpigo hakuna anayeyashika.

Mpaka wangu ni theluthi ya kwanza ya kitabu. Yaliyo mbele ya hapo ni mali ya atakayesoma. Jambo lako la hatua ya tatu likiwa liko mwishoni kabisa, lieleze bila kulitoboa: "Kuna uamuzi mtu anaufanya mwishoni, na mimi mpaka leo sijaukubali." Sentensi ya namna hiyo huvuta kuliko uamuzi wenyewe ukitajwa.

Riwaya za upelelezi zina sharti kali zaidi. Zile za Bwana Msa, alizozianzisha Muhammed Said Abdulla kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, usizisimulie kupita pale kitendawili kinapowekwa mezani. Zungumzia namna mpelelezi anavyofikiri, kiko chake, utulivu wake, mabishano yake na wenzake. Nani kafanya nini, funga mdomo, hata ukiulizwa na mama mkwe.

Na ikiwa wenzako wameshaona filamu? Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ilitoka 1999, na filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ikatoka 2021. Kikaoni walikuwamo waliomjua Yasmin wa filamu kabla ya Yasmin wa kitabu. Hapo usipoteze muda na kisa. Nenda moja kwa moja kwenye yale ambayo kurasa zinaweza kuyabeba na picha haziwezi: yale anayoyawaza mtu akiwa hasemi.

Hatua ya tano: soma kipande kwa sauti

Hii ndiyo hatua niipendayo kuliko zote, na sikubali iachwe. Maoni yako ni maneno yako. Wenzako wana haki ya kuyasikia maneno ya mwandishi mwenyewe, ili wajue kama yatawafaa.

Chagua nusu ukurasa, usizidishe. Mazungumzo ya watu wawili husomeka vizuri zaidi kuliko maelezo ya mandhari, kwa sababu msikilizaji hupata sauti mbili za kushika. Kipande kiwe kinaeleweka bila utangulizi mrefu. Ukijikuta unahitaji kueleza mambo mengi kabla hujaanza, badilisha kipande. Na kiwe kinaishia mahali ambapo mtu angetaka kuendelea, hata kama ni katikati ya aya.

Kisome nyumbani kwa sauti mara moja au mbili. Utakuta sentensi inayokukata pumzi. Weka alama ndogo ya penseli pa kupumulia. Sisi watu wa Lamu tumelelewa na tenzi na kasida, na masikio yetu yamezoea mahadhi. Kwa riwaya, acha mahadhi. Isome kama unavyozungumza, taratibu kidogo tu kuliko kawaida. Wahusika wakijibizana usiigize sauti za kitoto wala za kizee. Badilisha kasi tu, mmoja aseme haraka, mwingine aseme kwa kituo. Nina shangazi kikaoni ambaye hakuwahi kukaa darasani, na ndiye msikilizaji mkali kuliko wote. Msomaji akikimbia humwambia: "Mwanangu, twende kwa mguu." Tunaanza upya, na hakuna anayechukia.

Mambo madogo ya pale pale pia yana uzito. Shika kitabu kwa mkono mmoja, kidole gumba kikiwa chini ya mstari unaofuata, ili ukiinua macho usipotee. Na uyainue macho. Nje ya ukuta wetu ni kichochoro, na punda hupita wamebeba mchanga na mawe ya kujengea. Kwato zikifika karibu, nyamaza mpaka zipite, kisha rudi mwanzo wa sentensi. Msomaji anayejaribu kupiga kelele kuishinda sauti ya nje hukichosha kipande na kujichosha mwenyewe. Stima ikikatika, mwambie aliye karibu akumulikie kwa simu kutoka juu ya bega, si kutoka mbele, maana ukurasa utang'aa usione kitu.

Utajuaje kama kipande kimefika? Mimi hutazama sindano. Wanaoshona kofia hapa kwetu wanaweza kuzungumza, kucheka na kumkemea mtoto bila kuacha kushona. Msomaji akifika mahali sindano tatu nne zikasimama hewani, najua nakala ile leo itagombaniwa.

Hatua ya sita: taja kilichokukwaza

Kusifu tupu hakuaminiki. Sema jambo moja ambalo hukuridhika nalo, na ulitolee ushahidi kama ulivyotolea lile ulilolipenda: mahali gani, nani, alifanya nini. "Katikati imenichosha" haitoshi. "Safari ile ya sura ya tano ingeweza kuwa nusu, kwa sababu tulishajua kuwa hatafika" inatosha.

Kasoro ndizo huzaa mazungumzo mazuri. Siku Njema ilipoletwa, muuguzi mmoja kijana alisema sadfa zimemzidia. Watu wanakutana mno, kama kwamba nchi nzima ni kichochoro kimoja. Bibi mmoja akamjibu kuwa kwa watu wa pwani hilo si ajabu: yeye alikwenda Mombasa kutibiwa, na aliyekaa naye benchi moja, walipoulizana kwao, akawa mjukuu wa dada yake. Muuguzi hakukubali. Akasema maisha yanaruhusiwa kuwa na bahati, lakini mwandishi lazima aifanyie kazi. Mimi naona wote wawili walisema kweli, na maneno ya yule kijana ndiyo mpaka leo nayatumia nikisoma riwaya yoyote.

Usikosoe kwa kuudharau upande wa mwenzako. Kitabu ulichokiona chepesi huenda ndicho kilichomrudisha jirani yako kwenye kusoma baada ya miaka mingi.

Hatua ya saba: waachie wenzako, hasa kitabu kikiwahusu

Ukishasema yako, nyamaza. Usimjibu kila mtu. Kazi yako sasa ni kuuliza, na swali linalofungua vinywa ni "Wewe ungefanyaje?"

Inakuwa ngumu zaidi riwaya inapozungumzia kwetu. Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor alitoa The Dragonfly Sea, inayoanzia kisiwani Pate, na msichana wake Ayaana anakua pale kabla ya kupelekwa China. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo aliyekileta ilimbidi akisimulie kwa Kiswahili na kukitafsiri kipande cha kusoma yeye mwenyewe. Kwa kitabu cha lugha nyingine nawashauri wafanye hivyo hivyo: andika tafsiri yako kwenye karatasi mapema, usijaribu kutafsiri huku unasoma. Ndani ya kikao wapo wenye kwao Siyu na Faza, miji ya kisiwa hicho hicho cha Pate, na kabla msomaji hajafika mwisho walishaanza: hili liko hivi, lile haliko hivyo, sisi hatusemi vile.

Nilichojifunza ni kuwapa nafasi hao kwanza, tena kwa ukamilifu. Wanayajua mambo, na ni faida kwetu sote kuyasikia. Wakishatua ndipo tuulize swali la pili, ambalo ni tofauti na la kwanza: ndani ya kitabu chenyewe, mambo yanashikana? Unamwamini Ayaana, au humwamini? Riwaya yaweza kuwa na kosa la jina la mti na bado ikamjua binadamu. Na yaweza kupatia kila mti, kila jahazi na kila mlango wa nakshi, isiwe na mtu hata mmoja aliye hai. Maswali haya mawili yakichanganywa, jioni yote huishia kwenye mti.

Hatua ya nane: kitabu kitoke mkononi

Usiondoke na nakala yako ikiwa yuko anayeitaka. Vitabu vyetu vingi hutoka Mombasa, hupanda basi hadi Mokowe kisha mashua, na ni ghali kwa mtu mmoja kununua kila anachotaka. Tuna daftari moja: jina la kitabu, jina la aliyechukua, na kikao anachopaswa kukirudisha. Wakiwa wengi, anayechukua kwanza ni yule ambaye hajawahi kuleta kitabu. Kanuni hii tuliipigania, maana wasomaji wakongwe wana mikono mirefu, lakini imetupatia wasomaji wapya kuliko mbinu nyingine yoyote.

Kitie ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla ya kukitoa, hasa kwa wanaokwenda kwa mashua Shela au Matondoni. Maji ya chumvi yakiingia, kurasa hugandana, na gundi ya uti wa kitabu huachia upesi kwa unyevu wa huku. Usikiweke chini ya dirisha la baharini. Kikiachia, kishonwe kwa uzi wa kofia kwenye mkunjo, kwani hudumu kuliko gundi ya dukani.

Viache vipande vyako vya karatasi humo ndani. Anayefuata atakutana na "hasira" yako kwenye ukurasa ambao yeye ataucheka, naye ataongeza chake. Aliyechukua nakala ndiye anayefungua kikao kinachofuata, kabla ya mwenye kitabu kipya. Hupewa dakika tano za kujibu swali moja: kile kipande kilichosomwa kwa sauti, alipokifikia mwenyewe akiwa peke yake, alikisikia vile vile?